Pemba Haigawiki Kaskazini na Kusini

Kwenye makaratasi ya serikali Pemba ina mikoa miwili. Kaskazini kuna wilaya za Wete na Micheweni, kusini kuna Chake Chake na Mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 272,091 kaskazini na 271,350 kusini. Tofauti yao ni watu 741, idadi inayoenea kwenye skuli moja na madawati yakabaki. Aliyepiga mstari huo alijua kugawa.

Ila mstari huo haumwambii mtu chochote kuhusu kisiwa chenyewe. Hauoneshi mkarafuu unakubali wapi na unakataa wapi, kisima gani kina maji matamu, wala kwa nini miji yote mitatu, Wete, Chake na Mkoani, imegeukia upande mmoja. Mstari unaoeleza hayo unakwenda kwa urefu wa kisiwa, na unatenga magharibi ya vilima na mashariki ya mawe. Wapemba wanauishi kila siku bila kuuchora popote.

Kisiwa si kikubwa. Toka Ras Kigomasha mpaka ncha ya kusini ni kilomita 67 hivi, na kinapojitanua sana hakipiti kilomita 22. Eneo lake ni kilomita za mraba mia tisa na ushei, na juu yake wanaishi watu zaidi ya nusu milioni. Waarabu walikiita Jazirat al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na anayekijia kwa bahari kutoka Tanga hahitaji kuelezwa sababu.

Tuanze na maji, maana Pemba imeumbwa na maji kuliko na ardhi. Kati yake na bara kuna kama kilomita 50, na mkondo huo unafika kina cha mita 800 hivi. Mkondo wa Unguja ni wa makumi ya mita tu. Zama za barafu bahari ilipokupwa, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakavuka kwa miguu. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na bado ina kima punju. Pemba haikuunganishwa. Hao kima punju walioko leo msitu wa Ngezi walipelekwa na watu, miaka ya 1970. Pemba badala yake ikazaa vya kwake: bundi wake, ninga wake, chozi wake, na popo mkubwa mwenye uso kama wa mbweha ambaye hapatikani pengine popote duniani. Popo huyo aliliwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 akabaki mchache mno. Wanakijiji walipokubali kuyalinda makundi yake, Kidike ikiwa pahala panapojulikana zaidi, idadi ikarudi ikapita 20,000. Wenye mashamba ya matunda hawampendi sana, na wana haki yao. Lakini mbegu za msituni anazisafirisha yeye.

Kina hicho hicho ndicho kilichofanya umeme uchelewe. Pemba iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli pale Wesha, na taa zilikuwa za kukisia, mpaka 2010 ulipofika waya kutoka Tanga uliolazwa chini ya bahari. Upande wa Unguja tatizo la bahari ni jengine. Meli ikishaipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, inatoka kwenye kivuli cha kisiwa, na hapo kusi likivuma linaisukuma ubavuni bila kizuizi. MV Spice Islander I ilizama eneo hilo usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imejaa kupita kiasi, ikachukua mamia ya watu. Bahari ya Nungwi haina huruma na chombo kilichopakiwa kwa tamaa.

Sasa ardhi. Upande wa magharibi ni vilima vifupi vilivyobanana, vingi havifiki mita 100, na baina yao mabonde membamba yenye kuta kali. Udongo ni wa kina, una mchanga na tope tope kwa kipimo kizuri, na mvua inatosha. Bahari imeingia ndani ya mabonde haya kwa hori ndefu zilizozungukwa na mikoko, na hori ndizo zilizochagua miji ikae wapi. Jahazi linaingia na maji makuu, linakaa mahali tulivu, linapakia. Nje ya hori kuna safu ya visiwa, Njao, Fundo, Misali na wenziwe, vinavyokata mawimbi. Misali wazee wanasema imetokana na msala. Nabii Hadhara alipotaka kusali hapo akakosa msala, akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, kinatosha.

Vuka mgongo wa kisiwa uende mashariki, mambo yanageuka ndani ya nusu saa ya gari. Ardhi inalala tambarare, udongo unakuwa haba, na jiwe la matumbawe linachomoza juu. Huo ndio uwanda, na palipo mawe matupu ni maweni. Mkulima wa maweni huko Micheweni halimi matuta. Anatafuta mfuko wa udongo baina ya mawe, anapanda muhogo au mtama humo humo. Mvua ikinyesha inapita kwenye nyufa moja kwa moja. Visima vinachimbwa kwa tabu, na ukikizidisha kina unakutana na chumvi. Mkarafuu ukipandwa hapo huota, hupendeza miaka miwili, halafu mizizi inagonga jiwe na mti unaanza kukauka kuanzia kilele.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wa zamani hawakuifuata magharibi peke yake. Mji wa Kanbalu, ambao msafiri al-Masudi aliufikia mwanzoni mwa karne ya 10, wataalamu wengi wanauweka Pemba, na wengi kati yao wanaelekeza kidole Ras Mkumbuu, rasi nyembamba iliyotokeza magharibi ya Chake. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya minara ya karne ya 14, na chini yake misikiti ya kale zaidi. Kwenda, afadhali mashua kuliko gari. Kaskazini yake, Mtambwe Mkuu, kwenye 1984 ilipatikana hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Mafatimi, makhalifa wa Misri. Nyingi ya zile za fedha ni ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, na zina majina ya watawala wa hapa hapa pwani. Mji uliokuwa ukipiga fedha yake haukuwa kijiji cha wavuvi.

Lakini miji ya kale ya Chwaka na Tumbe iko kaskazini mashariki, na Pujini iko mashariki hasa. Pujini ndiyo ngome ya Mkama Ndume, ya karne ya 15, na jina lake, "mkamuaji wanaume", linatosha kueleza alivyokumbukwa. Inasemwa aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ujenzi huku wakijisogeza kwa makalio. Kisimani inasemwa alijenga ukuta wa kati ili wake zake wawili wasionane, mmoja achote kwa ngazi na mwengine kwa ndoo. Hadithi tuiachie utamu wake; kilichopo ni ukuta na handaki, chumba cha chini ya ardhi chenye siwa iliyochongwa kwa chokaa ukutani, na mfereji ulioruhusu vyombo kuingia maji yakijaa. Huo mfereji ndio wa kutazama. Pwani ya mashariki ni ya miamba na maji mafupi, kwa hivyo aliyetaka bandari alibidi aichimbe. Ngome inayofikika kwa maji makuu peke yake inajilinda nusu ya siku bila askari. Ukienda, nenda asubuhi, vaa viatu vya kufunika vidole, maana majani yanaficha mawe makali.

Wareno walipoikalia Mombasa, Pemba ilikuwa ghala lake. Mchele wa mabonde ya Pemba ulilisha Ngome ya Yesu, na hata baada ya Wareno kutolewa ngomeni 1698, Mazrui wa Mombasa waliing'ang'ania Pemba kwa sababu hiyo hiyo ya tumbo. Seyyid Said, sultani wa Omani, aliinyang'anya mikononi mwao miaka ya 1820, na Mombasa haikupata nguvu tena. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba nao, watu wengi wanausingizia Wareno. Huenda ni kweli. Ng'ombe haui, hauawi, na wanaocheza zaidi ni vijana wanaotaka kuonekana.

Karafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na nusu karne ya kwanza ilikuwa mali ya Unguja. Pemba ilibaki kwenye mchele, nazi na ng'ombe. Kilichopindua meza ni kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872. Kilipiga Unguja, kikang'oa kiasi cha theluthi mbili ya mikarafuu yake, na Pemba kikaipitia mbali. Bei ikapanda. Wenye mashamba walioharibikiwa walikuwa na njia mbili, kupanda upya Unguja na kungoja miaka, au kuhamia kwenye ardhi ya Pemba iliyokuwa rahisi, yenye mvua zaidi na udongo wa kina zaidi. Wengi walifanya hesabu hiyo vizuri. Tangu hapo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Hesabu hiyo ilikuwa na upande wa damu. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, wakati ule ule mashamba mapya ya Pemba yakitaka mikono. Basi watumwa wakaletwa kwa magendo, usiku, kupitia milango ya hori zile zile. Manowari ya Kiingereza, London, iliwekwa Zanzibar kuzuia, na Disemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akikabiliana na jahazi moja la watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria 1897. Wenyeji wa Pemba nao walikwishapata mikarafuu yao, mmoja ishirini, mwengine mia, na hapo ndipo Pemba ilipotofautiana na Unguja: mkarafuu ulienea kwenye mikono mingi midogo. Siasa za kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964 haziwezi kusomeka vizuri bila kujua hilo. Sera ya eka tatu tatu kwa mkulima wa Unguja aliyekuwa hana kitu ilikuwa neema. Kwa Mpemba aliyekwishapanda miti yake kwa jasho lake, mazungumzo yalikuwa mengine.

Mkarafuu wenyewe unahitaji subira isiyo ya kawaida. Mbegu yake haivumilii kukauka. Tunda lililoiva likaanguka linaokotwa siku hiyo hiyo, linatiwa majini, linamenywa ganda, na mbegu inapandwa mara. Ikichelewa wiki moja juani usiitegemee. Miche hukaa kitaluni chini ya kichanja cha makuti mwaka mzima au na nusu, na kila muda makuti yanapunguzwa kidogo ili izoee jua. Hupandwa masika, kwenye shimo la futi 2 kila upande lililojazwa samadi na udongo wa juu, mita 7 hivi kutoka mti hadi mti. Kinachoua miche si kupandwa vibaya. Kinachoiua ni kaskazi, kile kiangazi cha Januari na Februari, pale mtu anapokuwa amepewa miche ya bure akaisimika kwenye uwazi mtupu. Waliozoea hutanguliza migomba au muhogo uwe kivuli. Miaka 6 au 7 baadaye mti unaonesha maua ya kwanza, na ukitunzwa unamzika aliyeupanda.

Hauzai sawa kila mwaka. Msimu mkubwa huja mara moja katika miaka minne hivi, na baina yake kuna miaka ya kupungukiwa na mwaka wa kukosa kabisa. Anayekopa kwa kutegemea msimu mkubwa uliopita anajifunga kamba mwenyewe.

Uchumaji ni kazi ya macho kabla ya mikono. Kinachotakiwa ni ua ambalo halijafunguka. Kikonyo cha karafuu kwanza ni kijani, kisha kinapauka, halafu chini kinaanza kuona haya, wekundu mwepesi, huku kichwa bado kimefumba. Hapo ndipo. Ukiwahi, karafuu inakauka ikiwa nyembamba na mafuta machache. Ukichelewa ua linapasuka, kichwa kinadondoka na unabaki na msumari usio na kofia. Na vishada vya mti mmoja havifiki pamoja, kwa hivyo mti mmoja unarudiwa mara tatu au nne. Mchumaji hupanda na kikapu na kamba, na tawi la mbali huvutwa kwa upembo. Tatizo ni kwamba tawi la mkarafuu halipindiki, linavunjika, tena bila kutoa onyo. Kila msimu watu wanaanguka. Tawi lililovunjwa nalo ni mlango wa ugonjwa. Pale panapobaki kisiki chenye nyuzi nyuzi ndipo panapoanza kuoza, na uozo unashuka taratibu kuelekea shinani. Mwenye shamba anayelipa kwa pishi na kusema "harakisheni" atavuna mwaka huu akajute mwaka wa tano.

Jioni vishada hupelekwa nyumbani au dago, kambi ya msimu, na hapo wanawake na watoto wanakaa kuchambua: kishada kinawekwa kiganjani, kinasuguliwa na kuzungushwa, karafuu zinaanguka upande huu na makonyo, vijiti vya kishada, upande ule. Karafuu zilizochambuliwa usiku zisilale kwenye gunia wala kwenye rundo. Zikirundikwa mbichi zinapata joto zenyewe, na asubuhi utazikuta zimelowa, zikikauka zinakuwa nyeupe nyeupe, zimesinyaa, na mnunuzi anaziona kwa mbali. Zitandazwe tabaka jembamba juu ya majamvi au sakafu safi, zigeuzwe mara kadhaa kutwa. Jua likiwa kali siku 3 au 4 zinatosha. Mvua ikitishia unaanua haraka, na ukishaanua unazitandaza tena ndani, huzirundiki. Kuanika kando ya lami kunaonekana ni ujanja kwa sababu lami ina moto, lakini karafuu inaokota mchanga na kunuka mafuta ya gari.

Kujua zimekauka ni rahisi: iliyo tayari ukiikunja inakatika kwa sauti, mwili wake ni kahawia iliyoiva na kichwa kimepauka kidogo. Inayopinda irudi juani. Kwa uzito, kilo 3 mbichi hutoa kilo 1 kavu, basi frasila moja, kilo 16 hivi, ni kilo 48 za mtini. Kilo moja kavu ina karafuu zaidi ya 10,000. Zidisha mwenyewe uone ni vidole mara ngapi. Makonyo hayatupwi, yanakaushwa mbali na kupelekwa kiwanda cha Wawi, Chake Chake, yakakamuliwe mafuta. Ukiyachanganya na karafuu ili uzito uzidi, unajishusha daraja mwenyewe.

Mnunuzi wa halali ni mmoja, shirika la serikali la ZSTC. Sera ya miaka ya karibuni ni mkulima kupata asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na hiyo imepunguza magendo kuliko doria. Zamani, bei ya hapa ilipokuwa chini mno, karafuu zilivuka usiku kwenda Mombasa kwa mashua. Hori hazijali mzigo ni mchele, watu au karafuu.

Mashariki nako watu wameipata karafuu yao, nayo ni mwani. Kilimo chake kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na maji mafupi ya uwanda, yaliyokuwa laana kwa nahodha, yakawa shamba. Maji yanapokupwa bamvua, wanawake wanaingia na vigingi na kamba, wanafunga vipande vya mwani kimoja kimoja. Wiki 6 ndizo zinazotosha. Anayebanwa na shida anavuna wiki ya nne, anapata uzito wa maji mtupu, maana mwani mchanga ukikauka hauachi kitu. Aina ya kotoni ina bei nzuri lakini maji yakipata moto inanyauka, matawi yanakuwa meupe na kukatika. Spinosi inavumilia, bei yake ndiyo inayokatisha tamaa. Wanaume wa Kojani wao hawangojei maji yakupwe. Wanakwenda dago na nyavu zao mpaka Tanga na Mombasa, kufuata samaki msimu kwa msimu.

Na yale mabonde yaliyolisha Mombasa? Bado yapo, na bado yanalimwa mpunga, ila leo mchele mwingi unaoliwa Pemba unateremshwa kutoka melini. Watu wameongezeka, bonde halikuongezeka. Tena mdomo wa bonde, pale linapokutana na hori, unaliwa. Mikoko ikikatwa kwa kuni na chokaa, tope iliyokuwa ikishikwa na mizizi inaondoka, na bamvua kubwa linapanda hadi kwenye majaruba. Mara moja inatosha. Mpunga unakuwa wa manjano kuanzia ncha za majani, na jaruba lililoingia chumvi linataka masika mbili tatu za mvua nzuri kulisafisha. Wanakijiji hujenga tuta la udongo na mawe kuzuia maji, na tuta likijengwa juu ya tope bila mikoko mbele yake, bamvua la mwaka wa pili huliondoa. Wanaopanda mikoko kwanza, wakangoja ishike, ndio matuta yao yanayosimama.